Tufikiri Pamoja: Mashini za Mwadingusha na Deni Lisiloonekana



Juma lililopita nalikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita hesabu za mkopo na faida. Mwanafunzi mmoja, ambaye jamaa zake hukaa karibu na ziwa Tshangalele, akainua mkono akaniuliza: «Mwalimu, babu yangu asema kwamba mashini za Mwadingusha zimeuzwa. Je, ni kweli?»

Nikamjibu upesi: «La, mwanangu, hazikuuzwa. Ni mali ya taifa. Kampuni ya migodi ilizitengeneza tu, kwa fedha yake.»

Nilidhani nimekwisha kumjibu. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akasema: «Basi, Mwalimu, kama serikali haikutoa hata faranga moja, tumezipata bure?»

Wenzake wakacheka, lakini mimi sikucheka. Swali hilo huulizwa na wakubwa pia, na mara nyingi wakubwa hujijibu vibaya. Kengele ikalia kabla sijapata la kusema. Nikamwahidi kwamba nitamjibu. Jibu lenyewe ndilo hili, nanyi wazazi nawaandikia pia, kwa kuwa jambo hili lagusa mfuko wa kila nyumba.

Kwanza tukumbuke habari za mahali penyewe. Mwadingusha iko upande wa mashariki ya Likasi, pale mto Lufira unapoanguka kwa kishindo. Zamani za Wabelgiji maporomoko hayo yaliitwa kwa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe na madini. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, pamoja na kampuni ndogo zilizokuwa chini yake, ilihitaji nguvu kwa kazi ya shaba. Mto ukazuiwa kwa ukuta, maji yakatanda yakawa ziwa, na mwaka 1930 umeme ukaanza kutoka. Hivyo ziwa Tshangalele lilizaliwa na ukuta ule, ingawa leo wavuvi wengi hulitazama kama shamba walilorithi kwa babu zao.

Tazameni basi: nyumba hii ya umeme haikuanza kuwa ya serikali. Ilianza kuwa ya kampuni, nayo ilijengwa kwa ajili ya migodi. Mwaka 1967 ulipoanza, serikali ilikuwa imekwisha kutwaa mali ya Union Minière, ikaundwa kampuni ya taifa ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Mwaka 1970 likaanzishwa shirika la umeme la taifa, ndilo SNEL, na katika miaka iliyofuata mitambo ya Lufira ikaingia mikononi mwake.

Miaka mingi mashini zikazunguka. Lakini chombo kinachofanya kazi usiku na mchana huchakaa, na mwenye busara hutenga fedha kila mwaka kwa ajili ya siku ya kukitengeneza. Fedha hiyo haikutengwa ya kutosha. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katika miaka ya 1990 ikaanguka, ikatoa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mnunuzi mkubwa akidhoofika, muuzaji naye hudhoofika. Tena idara za serikali zenyewe zilikuwa na desturi ya kuwasha taa bila kulipa kwa wakati. Ndivyo mashini za tangu mwaka 1930 zilivyofika karne hii zikiwa zimechoka kabisa.

Ndipo ilipokuja kampuni nyingine ya migodi. Ivanhoe Mines ya Kanada ilikuwa imegundua shaba nyingi huko Kamoa-Kakula, magharibi ya Kolwezi. Shaba imo ardhini, lakini bila umeme haitoki. Kampuni ikapatana na SNEL, na mwaka 2014 wakatia sahihi mapatano ya fedha. Maana yake kwa maneno mepesi ni hii: kampuni itatoa fedha za kuitengeneza Mwadingusha upya, SNEL itabaki kuwa mwenye mali, fedha hizo ni mkopo, mkopo utalipwa kidogo kidogo, kwa kukatwa katika malipo ya umeme ambayo mgodi ungepaswa kuyatoa kila mwezi, na mgodi utapewa haki ya kutangulia kupokea umeme. Mitambo sita ya zamani ikaondolewa, mipya ikawekwa. Mwaka 2021 kazi ikakamilika, na nguvu ikapanda kutoka megawati 71 hadi 78. Mwaka uleule mgodi nao ukaanza kutoa shaba.

Sasa niruhusuni niwape mfano wa nyumbani. Baba mmoja alikuwa na mashini ya kusaga mahindi. Kwa sababu hakuitunza, ikaharibika, na watu wa kijiji wakarudi kutwanga kwa mikono. Jirani yake mwenye shamba kubwa akamwambia: «Ndugu, mimi nitanunua vyuma vipya. Mashini itabaki yako. Ila kila nitakapoleta mahindi yangu, utapunguza malipo mpaka fedha yangu irudi. Na mahindi yangu yatasagwa kwanza.» Baba akakubali. Mashini ikanguruma tena. Jioni akamwambia mkewe kwa furaha: «Mama, nimeitengeneza mashini, wala sikutoa kitu!»

Mama yule hakujua kusoma, lakini alijua hesabu. Akamjibu: «Baba, hukutoa kitu leo. Lakini kila mwezi jirani atakapokuja kusaga, fedha iliyokuwa ikiingia katika nyumba haitaingia yote. Ada ya shule ya watoto tutaitoa wapi?»

Wapenzi wasomaji, mama huyo alisema kweli. Katika kitabu cha baba kuna kurasa mbili: ukurasa wa fedha zitokazo, na ukurasa wa fedha ziingiazo. Baba alitazama ukurasa wa kwanza, akauona mweupe, akafurahi. Mama alitazama wa pili. Fedha ambayo ilipaswa kuingia isipoingie, nyumba hupungukiwa sawasawa na kama ingalikuwa imetoka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa hesabu ya taifa. Kusema kwamba serikali haikutumia kitu Mwadingusha ni kusoma ukurasa mmoja tu wa kitabu.

Je, nasema kwamba mapatano yale yalikuwa mabaya? Sisemi hivyo. Mashini iliyokufa haimsagii mtu, wala haileti malipo. Afadhali mashini izunguke kwa mkopo kuliko kutu ishinde. Nasema tu kwamba mkopo uitwe mkopo, si zawadi. Wazee husema: kukopa harusi, kulipa matanga. Anayejua tangu siku ya harusi kwamba matanga yatakuja, hujiandaa.

Kuna jambo moja zaidi: zamu. Umeme wa Mwadingusha huingia katika nyaya za taifa, na kutoka huko hugawanywa. Katika nchi yetu yote, mtu mmoja tu kati ya watano hivi ndiye mwenye umeme nyumbani kwake, na vijijini ni wachache mno. Mwenye kukopesha akipewa haki ya kutangulia, huyo wa nyuma atangojea zaidi. Kungojea nako kuna gharama: mama huyu hununua makaa, mwanafunzi yule husoma kwa kibatari, fundi wa kuchomelea chuma hulipa mafuta ya jenereta. Gharama hizo haziandikwi katika hesabu ya serikali hata siku moja. Huandikwa katika mifuko yetu.

Siku hizi neno «ubinafsishaji» husikika sana, yaani kuziweka kazi za serikali mikononi mwa watu binafsi. Kwetu Kongo sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliufungua mlango wa umeme, hata kampuni nyingine nje ya SNEL zikapata ruhusa ya kuufanya na kuuuza. Wanaolisifu jambo hili husema: serikali itapumzika, matumizi yake yatapungua. Wanaolichukia husema: tumeuzwa. Mimi nawaomba muache kelele za pande zote mbili, mtazame yaliyowapata jirani zetu.

Uganda, mwaka 2005, ilikodisha kazi ya kugawa umeme kwa kampuni iitwayo Umeme, kwa miaka 20. Kazi iliyofanyika ilionekana. Wateja walikuwa hawafiki 300,000, wakawa zaidi ya milioni mbili. Umeme uliopotea njiani, kwa nyaya mbovu na kwa wizi, ulikuwa zaidi ya theluthi moja. Ukapungua hata nusu ya kiasi hicho. Mali hiyo tusiifiche. Lakini mapatano yalisema kwamba siku ya mwisho serikali itairudishia kampuni fedha ilizotia ambazo hazijarudi bado. Siku hiyo ikafika tarehe 31 Machi 2025. Serikali ikakopa benki, ikalipa dola milioni 118; kampuni ikadai zaidi ya hizo, na mashindano yakapelekwa kwa waamuzi. Gharama ambazo kwa miaka 20 hazikuonekana katika hesabu ya serikali zilijitokeza zote kwa siku moja, kama mvua iliyokuwa imezuiwa.

Dar es Salaam, mwaka 2003, kazi ya kugawa maji ilikabidhiwa kampuni iliyoitwa City Water. Mradi wenyewe wa kutengeneza mabomba ulihesabiwa dola zaidi ya milioni 160, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo ya serikali. Kampuni yenyewe ilipaswa kutoa sehemu ndogo sana. Mwaka 2005, kabla miaka miwili haijatimia, serikali ikavunja mapatano. Kampuni ikaenda zake, mikopo ikabaki kwa wananchi. Hapo twaona kwamba yawezekana kazi ikawa ya mtu binafsi na deni likawa la watu wote.

Lakini kwa nini niende mbali? Sisi wazazi na walimu tuna mfano ulio karibu kuliko hiyo, nao ni shule. Mwaka 1974 serikali ilizitwaa shule za misioni. Mwaka 1977 ikaandikiana mapatano na Makanisa: Kanisa lisimamie shule, serikali ilipe mishahara ya walimu. Mapatano hayo yalikuwa na akili, kwa kuwa kila upande ulijua mzigo wake. Lakini katika miaka ya 1990 fedha ya nchi iliharibika, na mshahara wa mwalimu haukutosha hata mfuko wa unga wa bukari. Shule zisipate kufungwa, wazazi wakaanza kuchanga ili mwalimu apate kula.

Hakuna aliyetangaza kwamba shule zimeuzwa. Hakuna sheria iliyotiwa sahihi. Lakini mzigo ulitoka katika hesabu ya serikali ukaingia katika kikapu cha mama anayeuza mihogo sokoni. Ukitazama hesabu ya taifa ya miaka ile, ungesema matumizi ya shule yamepungua. Kumbe hayakupungua, yalihama. Na mtoto ambaye mama yake hakuwa na kitu cha kuchanga alirudishwa nyumbani. Mambo yakaendelea hivyo zaidi ya miaka 20, mpaka Septemba 2019 serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi za umma hazilipiwi tena. Mzigo ukarudi ulikotoka. Mara moja madarasa yakajaa hata watoto wakakaa chini, na walimu wengi wakangojea muda mrefu majina yao yaandikwe katika orodha ya mishahara. Neno «bure» nalo linahitaji kusomwa kurasa zote mbili.

Nanyi wa Likasi, Kambove na Lubumbashi mnakumbuka mwaka 2003. Ili Gécamines ipate kupunguza gharama zake, wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa malipo ya mara moja, kwa fedha ya Benki ya Dunia. Katika karatasi kampuni ilipata nafuu. Lakini mfanyakazi wa Gécamines hakuwa na mshahara tu; kampuni ndiyo iliyompa nyumba, hospitali, na shule ya watoto. Alipoondoka, mahitaji hayo hayakuondoka pamoja na jina lake katika orodha. Mtoto aliendelea kuugua, na mtu mwingine ikampasa kumlipia dawa: mjomba, dada mkubwa, au parokia.

Basi jambo ninalotaka mlishike ni hili: serikali ikiiacha kazi ambayo watu hawawezi kuishi bila hiyo, gharama ya kazi hiyo haifi. Hubadili mfuko, au hubadili tarehe. Ama hulipwa na mtu mwingine, ama hulipwa siku nyingine. Huenda ikapungua kweli, kama huyu mpya ni hodari kuliko yule wa kwanza, kama ilivyokuwa kwa umeme uliopotea njiani kule Uganda. Lakini kupungua huko kuthibitishwe kwa hesabu, kusithibitishwe kwa maneno.

Wala tusiwe vipofu upande wa pili. Mwenye kusema «kila kitu kiwe cha serikali» na ajibu swali hili: nani aliyeacha mashini za Mwadingusha zichakae? Serikali isiyotenga fedha ya matengenezo nayo inakopa, ila inakopa kwa siri, na anayemkopesha ni chuma. Chuma hakidai kwa barua. Siku moja husimama tu. Deni hilo halikuandikwa popote, lakini tulililipa kwa giza.

Kwa hiyo, msikiapo kwamba maji, umeme, barabara au hospitali inatiwa mikononi mwa kampuni, msikimbilie kushangilia wala kulaani. Ulizeni maswali matatu, hata mtoto wa darasa la sita aweza kuyauliza.

Swali la kwanza: Nani atalipa, na lini? Msikubali jibu la «mtaji wa mwekezaji» peke yake. Mwekezaji si mtu wa sadaka, naye hana kosa kutaka fedha yake irudi. Ulizeni itarudi kwa njia gani: kwa bei ya mteja, kwa kodi, au kwa kukatwa katika mapato ya shirika la umma.

Swali la pili: Nani atahudumiwa kwanza, na nani wa mwisho? Kama kuna wa kwanza, lazima kuna wa mwisho. Wa mwisho awekewe kiasi chake katika mapatano, kwa maandishi, kama wa kwanza alivyowekewa chake.

Swali la tatu: Siku ya mwisho ya mapatano itakuwaje? Mali itarudi ikiwa nzima au ikiwa imechoka? Tutadaiwa kiasi gani? Na tangu leo nani anatenga fedha kwa siku hiyo?

Maswali haya hayahitaji shahada ya chuo kikuu. Wazee husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kama twaweza kulidai daftari la kamati ya wazazi mpaka tujue kila faranga ya chaki imekwenda wapi, kwa nini tuogope kuliomba daftari la umeme? Mbunge anayeomba kura zetu aulizwe. Msimamizi wa shirika aulizwe. Nao waulizwe kwa adabu, maana mwenye haki hana haja ya matusi.

Nimebaki na deni langu kwa yule mtoto. Kesho nitamwita mbele ya darasa na kumwambia: «Mwanangu, babu yako hakusema sawasawa, maana mashini hazikuuzwa. Na mimi sikusema sawasawa, maana nilikuacha udhani kwamba tumezipata bure. Ni mali yetu, nasi twazilipa kila mwezi, kwa fedha tusiyoiona. Ukiwa mkubwa, mashini hizo zitakuwa zimezeeka tena. Siku hiyo utakuwa mtu mzima mwenye kura. Uulize mapema fedha ya kuzitengeneza imewekwa wapi.»

Mwalimu wenu